Ukurasa Usiolalamika

Tulimzika Gitau mwaka jana huko Gatuanyaga, kwenye shamba alilolinunua miaka yake ya mwisho, na vumbi la huko likatuandama mpaka kwenye sahani za chakula. Baada ya maziko tuliketi chini ya hema, na kijana mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wake akashika kipaza sauti kutueleza kwamba mwalimu alikuwa mtu wa kipekee, kwamba katika miaka yote aliyoandika programu za kompyuta hakuna mteja aliyewahi kuona kosa kwenye skrini yake. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa na wali mdomoni na nusura unipalie. Kijana yule hakusema uongo hata chembe. Nilimpenda Gitau, alinifundisha kazi ambayo imenilisha mpaka nimeota mvi, na sikuja mazishini kumsema vibaya. Lakini nilikaa pale nikiwaza mwaka wa tisini na tisa, na rafiki yangu Shiku, na sikuweza kumaliza chakula.

Mwaka huo mimi na Shiku tulipanga chumba kimoja cha mabati Ruiru. Tulikuwa tumejuana Thika, katika chuo cha kompyuta cha Gitau kilichokuwa ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, yeye akijifunza kupiga chapa nami nikijifunza kila kilichofundishwa. Shiku aliacha masomo akapata kibarua katika shamba la maua ya waridi nje ya Ruiru. Baadaye Gitau aliwauzia watu wa shamba hilohilo kompyuta, akanipeleka nikae nayo. Basi tuliamka pamoja, tukatembea pamoja hadi getini, kisha yeye akaingia kwenye nyumba za plastiki zenye maua, mimi ofisini. Chumba chetu kilikuwa na kitanda kimoja, godoro moja la sakafuni, na jiko la makaa lililokaa mlangoni ili lisituue. Shiku ndiye aliyekuwa mpishi. Nyama aliinunua kwenye bucha ya Waislamu, mbali kuliko ile ya jirani, bila mimi kumwomba. "Sitaki ukae njaa kwa nyumba yangu, Mswahili," aliniambia siku ya kwanza, akaendelea kukoroga githeri kana kwamba hajasema neno. Jioni nyingi alilala chali na kitambaa kibichi kwenye paji la uso. Nikimuuliza, alisema ni baridi. Mabega yake yalikuwa na harufu ya dawa ambayo sabuni haikuitoa, na mimi niliizoea kama mtu anavyozoea harufu ya moshi nguoni.

Katika miezi ya baridi ya mwaka huo Shiku alikuwa mjamzito. Yafaa nieleze desturi ya pale, kwa sababu bila hiyo haya mengine hayataeleweka. Kibarua hakufukuzwa kazi. Kila asubuhi msimamizi alisimama getini akasoma majina, na aliyesikia jina lake aliingia. Usiposikia lako, ulirudi nyumbani, na hakuna aliyekueleza sababu. Mwanamke ambaye tumbo lake limejulikana, jina lake halikusomwa tena. Kwa hiyo Shiku alijifunga leso yangu moja ya kanga kwa nguvu chini ya dastikoti, lile koti la kazi, na kila asubuhi mimi ndiye niliyevuta ncha za leso huku yeye akivuta pumzi. Alitaka kusukuma siku mpaka Agosti ili aweze kujinunulia vitu vya kujifungulia. Baba wa mtoto alikuwa ameenda kutafuta kazi Eldoret, na kutoka huko hakusikika tena.

Meneja wa shamba aliitwa Mbugua, mtu mnene, msafi, mwenye wasiwasi. Mwaka ule Kenya nzima ilikuwa ikisema kwamba mwaka wa elfu mbili ukifika kompyuta zitarukwa na akili, na Mbugua aliogopa hata akanunua kila kitu kipya. Kabla ya hapo, nyumba ya maua ikipigwa dawa, mpigaji dawa alitundika bendera nyekundu mlangoni, na hakuna aliyeingia mpaka aiondoe kwa mkono wake. Gitau alimwambia Mbugua kwamba bendera ni mambo ya kale. Akamwandikia ukurasa kwa PHP, lugha ya kuandikia kurasa za mtandao ambayo wakati huo ilikuwa mpya kwetu. Mpigaji dawa alikuja ofisini akanitajia nyumba, dawa na saa, mimi nikaingiza, ukurasa ukajumlisha saa za kungojea za dawa hiyo na kuandika kando ya kila nyumba FUNGA kwa rangi nyekundu au WAZI kwa kijani. Nilichapisha karatasi, wasimamizi wakaichukua. Bendera zikakusanywa zikatiwa kwenye gunia, na gunia likawekwa nyuma ya mlango wangu.

Ukurasa ulifanya kazi, ila ulikuwa na mdomo. Juu yake kila mara palitokea mistari ya Kiingereza iliyoanza na neno Warning, mara faili hili halikupatikana, mara lile halikufunguka. Siku moja niliwasikia Mbugua na Gitau kupitia mlango wa plaiwudi, ambao ulificha sura tu, si sauti.

"Gitau, hii Warning, Warning ni ya nini? Wazungu wa kununua maua wanakuja. Wakiona hiyo kitu watasema hatujui kazi."

"Ni kitu kidogo, boss. Computer inajiongelea tu."

"Basi iambie inyamaze."

Gitau alitoka akitabasamu, akainama kando yangu, akafungua faili la mipangilio. Palikuwa na mstari unaoitwa error_reporting, na mbele yake namba saba. Akaifuta akaandika sifuri. Alipofungua ukurasa tena ulikuwa mweupe na mtulivu, majina ya nyumba yamejipanga, kijani na nyekundu.

"Umeona? Imepona," alisema.

"Imepona ama imenyamaza, Mwalimu?"

"Rehema, wageni wakija kwenu unawaweka sitting room ama jikoni?" Alicheka, nami nikacheka, kwa sababu alikuwa na kicheko cha kuambukiza na alikuwa mwalimu wangu. Lakini neno lile lilinikaa moyoni. Mimi ni mtu wa ubishi, na ubishi wangu nikiuzuia mdomoni hunishukia tumboni.

Jumapili hiyo nilibeba nyumbani kitabu cha maelezo cha PHP, kile ambacho Gitau alikichapisha kurasa kwa kurasa na kukifunga kwa uzi. Nilikaa mlangoni nikisoma, Shiku akiambua njegere kando yangu. Kiingereza cha kitabu kilikuwa kigumu na ilinibidi kurudia sentensi moja mpaka inyooke, lakini kidogo kidogo nikaanza kuona. Ile namba ni jumla. Moja ni makosa yanayoua ukurasa. Mbili ni maonyo. Nne ni mwandishi alipoandika vibaya hata mashine ikashindwa kusoma. Nane ni malalamiko madogo, kwa mfano umetumia kisanduku ambacho hakuna aliyekitia kitu. Kisanduku kitupu lugha ile haikikatai. Huchukulia kwamba umesema sifuri na kuendelea na safari. Saba ni zile tatu za kwanza zikijumlishwa, maana yake nane iliachwa nje tangu mwanzo, na kitabu chenyewe kilisema si ya lazima. Ukitaka kusikia kila kitu, unaandika kumi na tano. Halafu nikafika mahali paliponifanya nisimame. Kumbe kuna swichi nyingine mbili kando. Moja inaamua kama malalamiko yaonekane kwenye skrini mbele ya watu. Nyingine inaamua kama yaandikwe kwenye faili la pembeni, ambalo husomwa na fundi peke yake. Kwa hiyo ungeweza kumfichia mgeni bila kujifichia mwenyewe. Nilifurahi kana kwamba nimeokota kitu cha thamani barabarani, nikamweleza Shiku yote, na yeye akanisikiliza kwa subira ya mtu anayemsikiliza mtoto.

"Kwa hivyo saa hii inaona shida na haisemi," alisema.

"Ndiyo."

"Kama Mama Kamande."

Mama Kamande ndiye aliyekuwa msimamizi wao, mama mtu mzima mwenye sauti ya kanisani, na ndiye aliyesoma majina getini.

"Mama Kamande anajua?" niliuliza.

"Amezaa watoto wengi, ataacha kujua? Ameona. Na anajua najua ameona. Bora hakuna mtu amesema, anaweza kuendelea kusoma jina yangu." Alitupa maganda kwenye beseni. "Siku mtu atasema, itabidi aache. Boss atamuuliza mbona alinyamaza."

Jumatatu nilimwomba Gitau aweke kumi na tano, afiche malalamiko kwenye skrini, awashe faili la pembeni. Alinitazama kama mtu aliyeombwa avue shati. "Na siku Mbugua atafungua hiyo file asome? Atajua kila mahali nilibahatisha. Wacha hivyo, Rehema. Page iko sawa." Alikuwa kijana bado, miaka michache tu kunizidi, na shamba lile lilikuwa mteja wake mkubwa wa kwanza. Leo ninaielewa hofu yake kuliko nilivyoielewa siku ile. Siku ile niliiona majivuno tu, na baada ya yeye kurudi Thika nikatengeneza nakala ya ukurasa mahali pangu nijaribie humo.

Wageni walikuja asubuhi ya baridi kali ya Julai, manyunyu yakianguka bila kukoma, udongo mwekundu ukishika viatu. Asubuhi kama hizo vibarua waliombea kupangiwa ndani ya nyumba za plastiki mapema, maana humo kuna joto. Mpigaji dawa alikuja mlangoni akitetemeka kwa baridi, akasema amepiga nyumba ya sita alfajiri, kwa dawa mpya, sampuli iliyoachwa na muuzaji. Jina la dawa lilikuwa tayari kwenye kompyuta. Bwana shamba, aliyehusika na kuingiza saa za kungojea, alikuwa ameandika jina kisha akaenda kwao kwenye matanga kabla ya kuandika saa. Mimi sikulijua hilo. Niliingiza, nikachapisha, na nyumba ya sita ikatoka WAZI. Haikunishtua, kwani zilikuwapo dawa zisizongojewa hata kidogo, kama ile ya sabuni ya kuua vidukari. Karatasi ikaenda.

Nilibaki na muda, wageni wakinywa chai kwa Mbugua, nikafungua nakala yangu na kuandika kumi na tano. Malalamiko yakamwagika mpaka yakajaza skrini. Mengi yalikuwa upuuzi mtupu, nikawa nayapita haraka. Kisha nikaona moja limekaa palepale panapotengenezwa mstari wa nyumba ya sita: kisanduku cha saa kimetumiwa na hakina kitu. Nilisoma tena. Alfajiri kujumlisha sifuri ni alfajiri, na alfajiri imeshapita, basi WAZI. Asubuhi ile getini nilikuwa nimemsikia Mama Kamande akipanga watu wake, na Shiku alikuwa wa nyumba ya sita.

Nilipiga simu Thika. Gitau alinisikiliza, kisha akasema, "Hiyo si error, hiyo ni kitu ndogo tu. Kitabu inasema si ya lazima."

"Mwalimu, ni saa za dawa. Watu wako ndani."

"Nakuja. Usiguse kitu. Na usiende kwa Mbugua wageni wakiwa hapo, utanimaliza."

Nilikata simu nikaenda kwa Mbugua. Alifungua mlango nusu, tabasamu la wageni bado limeganda usoni.

"Bwana Mbugua, nyumba ya sita haifai kuingiwa."

"Karatasi inasema nini?"

"Inasema wazi, lakini..."

"Si ni wewe umeprint? Rehema, ngoja wageni watoke." Akafunga mlango.

Nilitoka mbio. Viatu vilibaki njiani, kimoja kwanza, kingine baadaye, sikurudi kuvichukua. Mama Kamande alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba ya sita, gunia la kujikinga manyunyu kichwani, karatasi yangu mkononi ikiwa kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Nilimwambia awatoe watu. Aliitazama karatasi, akanitazama.

"Hii imetoka kwako saa hii tu."

"Imekosea, Mama Kamande. Kompyuta haijui saa za hiyo dawa, imeandika tu."

"Mwanangu, zamani ningeangalia bendera. Mkachukua bendera. Sasa nikitoa watu bila karatasi, wageni wakizunguka, jina langu pia halitasomwa." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba asaidiwe.

Nilipenya mlangoni. Joto lilinipiga usoni, na chini ya joto ile harufu ya mabega ya Shiku, lakini nzito, ya kukwaruza koo. Wanawake walikuwa kwenye mistari wakikata maua. Niliwaambia watoke, dawa haijaisha. Mmoja akacheka, akasema leo Mswahili ametoka ofisini kuja kutufukuza kwa joto. Hakuna aliyesogea, kwa kuwa aliyetoka bila neno la msimamizi alipoteza siku yake. Shiku alikuwa mwisho wa mstari. Alinitazama na kutikisa kichwa polepole, kichwa tu, mikono ikiendelea kukata. Alijua nilichokuwa karibu kufanya kabla mimi mwenyewe sijajua.

"Mama Kamande," nilisema, kwa sauti ambayo hata walioko mwisho kabisa waliisikia, "Shiku ana mimba. Unamwacha humu na mimba?"

Mikasi ilinyamaza. Mama Kamande alinitazama kwa chuki ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima, na chuki ile haikuwa ya mtu aliyepata habari mpya. Nilikuwa nimempokonya mahali pa kujificha, naye sasa hakuweza tena kutojua mbele ya watu wote wale. Alichukua mkasi wake akagonga bomba la chuma, akagonga tena na tena. "Tokeni," alisema. "Nyote. Tokeni."

Walitoka kwenye manyunyu wakijikunyata. Mmoja alitapika kando ya bomba la maji. Wengine macho yaliwatiririka na walikuwa wakiyasugua kwa mikono yenye dawa hadi Mama Kamande akawapigia kelele waoshe mikono kwanza. Mpigaji dawa aliitwa akaleta chupa, na maandishi yake yalisema watu wasiingie mpaka siku ya pili. Yakaletwa maziwa kutoka jikoni, kwa vile pale maziwa ndiyo yaliyokuwa hospitali, wote wakanywa. Shiku alikunywa ya kwake akiwa amenipa mgongo. Mbugua alipita na wageni wake chini ya miavuli, akawaambia ni saa ya chai ya wafanyakazi, na mgeni mmoja akawapiga picha.

Gitau alifika, akakaa kwenye kiti changu, akaitazama kumi na tano yangu kwa muda mrefu. Kisha akaweka vilevile kwenye ukurasa wenyewe, akazima malalamiko ya kwenye skrini, akawasha faili la pembeni, akaandika pia kwamba dawa isiyo na saa nyumba yake iwe FUNGA. Hakusema neno, siku hiyo wala miaka yote iliyofuata, na mimi sikumuuliza. Kesho yake Mbugua alikuja mwenyewe kuchukua gunia nyuma ya mlango wangu. Alisema wageni wamependekeza bendera.

Nami nimefundisha vijana wengi tangu hapo. Nawaambia usimwagie kila mtu makosa yako, wala usiyazime. Yaandike pale anapoyasoma mwenye uwezo wa kutengeneza. Wanaandika, wanatikisa vichwa, ni somo rahisi. Siwaambii kwamba asubuhi ile katika nyumba ya sita sikuona mahali pengine pa kuandika. Mwenye uwezo wa kutengeneza alikuwa ameshasoma yote na alikuwa amesimama mlangoni. Kilichobaki ni kupiga kelele. Sijutii, na sitajifanya najuta ili nionekane mtu mwema. Na ili msomaji asikae roho juu, mtoto alizaliwa mzima, wa kike, kwao Shiku upande wa Murang'a. Nilizipata habari hizo kwa Mama Kamande, tena kwa kumfuatafuata.

Asubuhi baada ya ile ya nyumba ya sita tulisimama getini kama kawaida. Shiku alikuwa amejifunga leso mwenyewe, hakuniita nivute. Mama Kamande alisoma majina bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi, akafika mwisho, akaikunja. Shiku aligeuka akaondoka. Niliomba ruhusa ofisini nikamfuata, nikamkuta chumbani ameshakunja nguo, sufuria zimefungwa kwa kitenge, godoro limekunjwa anahangaika kulizungushia kamba. Nilikaa kitandani.

"Ungeniita kando," alisema. "Ungeniambia mimi peke yangu, pole pole."

"Ungetoka?"

Alivuta kamba, akakaza fundo kwa meno, akalitazama kama linafaa.

"Singetoka," alisema. Kisha akainama. "Shika upande ule, tumbo hainiwachi kuinua."

Nikashika.